Pittsburgh: Behewa la Mlimani

Pittsburgh, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, umejengwa pale mito miwili inapokutana. Allegheny unatoka kaskazini, Monongahela unatoka kusini, na ikishaungana unazaliwa mto Ohio. Ng'ambo ya Monongahela, ukitazamana na majengo marefu ya mjini, mlima umesimama wima kama ukuta. Siku hizi unaitwa Mount Washington. Zamani uliitwa Mlima wa Makaa, maana humo ndimo yalimochimbwa makaa ya mawe.

Katika karne ya 19 viwanda vya chuma na vya vioo vilijaa kando ya mto, na wafanyakazi, Wajerumani wengi miongoni mwao, wakajenga juu mlimani. Asubuhi walishuka. Jioni, baada ya kutwa nzima kwenye joto la tanuri, waliupanda tena mlima kwa miguu. Ndipo zikajengwa reli za kupandia mlima: ya Monongahela mwaka 1870, na ya Duquesne tarehe 20 Mei 1877. Baadaye zikafuata nyingine nyingi mjini kote. Leo zimebaki hizo mbili tu.

Reli ya Duquesne ina urefu wa mita 240 hivi, na humpandisha abiria mita 120 kwenda juu. Ina mabehewa mawili yaliyofungwa kwa kamba za chuma, kila moja kwenye njia yake. Moja likishuka, uzito wake humsaidia mwenzake kupanda, nayo hupishana katikati ya mlima. Kazi ya mota ni kumalizia tu pale uzito usipolingana. Ndani ya behewa kuta ni za mbao zilizonakshiwa, zimeiva rangi kwa miaka.

Lakini kinachostahili kutazamwa kwa utulivu ni chumba cha mitambo kilichoko juu. Humo huzunguka gurudumu kubwa la chuma lenye meno ya mbao. Naam, mbao! Meno hayo yanauma na kuachia, yanauma na kuachia, na behewa zima na watu wake linapanda.

Mwaka 1962 reli hii ilifungwa, kwa kuwa matengenezo yalikuwa ghali. Wakazi wa mlimani hawakukubali. Walichanga, wakauza keki na vikumbusho, na mwaka uliofuata behewa likapanda tena. Chama chao ndicho kinachoiendesha hadi leo. Kwangu mimi, hilo linaipa reli hii heshima kuliko umri wake.

Ukifika juu, mji wote uko chini yako: madaraja ya rangi ya manjano, na pembe ya nchi kavu mito inapoungana, penye chemchemi na kijumba cha matofali cha mwaka 1764, masalio ya ngome ya Waingereza. Mjini kuna makumbusho ya Carnegie yenye mifupa ya dinosauri, na ya msanii Andy Warhol, mzaliwa wa hapo. Ukipatwa na njaa, agiza mkate wa mji huo: nyama, jibini, kabichi na chipsi, vyote vimeshindiliwa humo humo katikati ya vipande viwili vya mkate.

Kisha rudi kituoni jioni. Pamoja na watalii wenye kamera, utawakuta wenyeji na mifuko yao ya sokoni, wanapanda kwenda nyumbani.