Nani Analipia Safari Yako? Hesabu ya Tiketi Isiyo na Kikomo

Wenzangu wa nyumbani wakiona picha zangu, leo Köln, wiki ijayo Münster, huniuliza hela natoa wapi. Natoa mara moja tu kwa muhula, siku ya kulipa ada ya kujisajili chuoni. Baada ya hapo napanda treni za mikoani, treni za mjini, tramu na mabasi ya Ujerumani nzima bila kugusa pochi. Wengi wanadhani hii ni hisani ya serikali tajiri kwa wanafunzi wake. Kuna ruzuku ndani yake, ndiyo, lakini kilichoishusha bei kwa mwanafunzi ni hesabu ambayo serikali yoyote ya wanafunzi inaweza kuifanya, hata hii yetu. Tuifanye pamoja.

Bei inatoka wapi

Treni inayoondoka saa 2 asubuhi itaondoka tu, iwe na abiria 40 au 41. Dereva ameshalipwa, umeme utatumika, reli ipo. Abiria mmoja wa ziada hagharimu karibu chochote, maadamu kiti kipo. Ndiyo maana kampuni inaweza kukuuzia safari zisizohesabika. Haikuuzii kila safari kwa gharama yake. Inachotaka ni kwamba mwisho wa mwezi mfuko mzima utoshe.

Mfuko usipotosha, mtu lazima aongezee. Majira ya joto ya mwaka 2022, bei ya nishati ilipopaa kutokana na vita vya Ukraine, Wajerumani waliuziwa tiketi ya euro 9 kwa mwezi, kuanzia Juni hadi Agosti. Ziliuzwa takriban milioni 52, na serikali ya shirikisho ilitoa euro bilioni 2.5 kufidia mapato yaliyopotea. Mei 2023 ikaja tiketi ya kudumu, Deutschlandticket, kwa euro 49 kwa mwezi. Januari 2025 ikapanda hadi 58, Januari 2026 ikafika 63. Hata kwa bei hizo haijilipi yenyewe: serikali kuu na majimbo huchangia nusu kwa nusu, jumla euro bilioni 3 kwa mwaka. Kwa hiyo kila bei ikipanda, ujue nyuma yake kulikuwa na mvutano: pengo lizibwe na abiria au na mlipa kodi?

Hesabu ya mnunuzi mmoja

Ukiwa peke yako, swali ni moja: nitasafiri mara ngapi? Tuseme nauli ya kwenda mara moja ni euro 3. Tiketi ya euro 63 inarudisha hela yake ukisafiri mara 21, yaani kwenda na kurudi siku kumi na nusu. Ukienda kazini au darasani siku tano kwa wiki, umeshapita hapo kabla mwezi haujaisha. Ukitoka Jumamosi tu kwenda sokoni, unaipa kampuni zawadi.

Hapo kuna mtego. Wahenga walisema mtembea bure si sawa na mkaa bure, na mwenye tiketi hii hutembea kweli kweli. Ataruka vituo viwili ambavyo zamani angetembea kwa mguu, kisha ajipongeze kwamba ameokoa euro 3. Hajaokoa kitu, kwa sababu asingezilipa. Hesabu safari ambazo ungezilipia hata hivyo. Nyingine ni raha ya ziada, usiziweke kwenye mizani.

Kabla ya kununua, soma masharti. Deutschlandticket haipandi treni za mwendo wa mbali kama ICE na IC. Ni ya mtu mmoja kwa jina lake, kwa hiyo humwazimi mwenzio. Inahesabiwa kwa mwezi wa kalenda, si siku 30 tangu uliponunua. Tena ni usajili unaojirudia: usipoufuta kufikia tarehe 10, mwezi unaofuata unakatwa tena. Mgeni aliyekuja wiki tatu akasahau kufuta, benki itamkumbusha.

Wanaoota kuzunguka Ulaya na Interrail nao watulie kidogo. Pasi hiyo, iliyoanza mwaka 1972 kwa ajili ya vijana, inakupa siku za kusafiri bila kikomo, ila treni nyingi za kasi za Ufaransa, Hispania na Italia zinataka ulipie nafasi ya kiti kando. Maneno "bila kikomo" yapo kwenye tangazo. Kikomo kipo kwenye masharti.

Hesabu ya chuo kizima

Sasa tufike kwenye mambo ya serikali ya wanafunzi. Mwaka 1991 huko Darmstadt ilianza tiketi ya muhula: kila mwanafunzi analipa, apande asipande, na wote wanapata haki ya kupanda. Vyuo vingi vikafuata. Tangu muhula wa kiangazi wa 2024, vyuo vinaweza kuchukua Deutschlandticket kwa asilimia 60 ya bei, kwa sharti kwamba wanafunzi wote wanaingia. Kwa bei ya sasa ni euro 37.80 kwa mwezi, au 226.80 kwa muhula, badala ya 378.

Kwa nini lazima wote? Chukua mfano wa kubuni wa wanafunzi 100. Ishirini wanakaa mbali, nauli zao ni euro 90 kwa mwezi kila mmoja. Thelathini wanatumia 40. Hamsini wanakaa karibu, wanatumia 10. Jumla kampuni inakusanya euro 3,500. Ukigawa kwa watu 100, kila mtu 35.

Sasa ifanye ya hiari. Wale hamsini wa euro 10 hawatanunua kitu cha 35, na wana akili zao. Wanabaki hamsini ambao nauli zao ni euro 3,000, kwa hiyo bei inakuwa 60. Wale thelathini wa 40 nao wanajitoa. Wanabaki ishirini wa mbali, na bei inakuwa 90, ile ile nauli waliyokuwa wakilipa tangu mwanzo. Tiketi imekufa, na hakuna aliyefanya kosa. Kila mtu amejipigia hesabu yake vizuri, na hesabu zao kwa pamoja zimeiua.

Na asiyepanda je?

Mimi niko kwenye lile kundi la ishirini. Nimepanga chumba mji wa jirani kwa sababu huko kodi ni nafuu. Rafiki yangu anakaa bweni la chuo, darasani ni dakika nane kwa mguu. Hunitania kwamba treni yangu ananilipia yeye, na sina la kumjibu kwa sababu ni kweli. Euro 226.80 kwa mkupuo, kabla muhula haujaanza, kwa mtu ambaye bado anatafuta kibarua, si mzaha.

Mwaka 1999 mahakama ya juu ya utawala ya Ujerumani ilikubali kwamba wanafunzi wanaweza kutozwa mchango huu kwa lazima. Uhalali wa kisheria, hata hivyo, haumshibishi mtu. Kinachopunguza uchungu ni utaratibu wa marejesho: vyuo vingi humrudishia aliye nje ya nchi kwa muhula mzima, au mwenye ulemavu ambaye tayari ana haki ya kusafiri bure, na vingine vina mfuko wa waliokwama kimaisha. Fedha hizo nazo hutoka kwa wanafunzi. Kwangu mimi, mkataba wowote usio na mlango huo ni kuwakamua walio karibu kwa faida ya walio mbali.

Tukirudi kwetu

Je, serikali yetu ya wanafunzi ikadai pasi ya SGR? Safari za Dar hadi Dodoma zilipoanza mwaka 2024, nauli ya kawaida ilikuwa shilingi 31,000. Mwanafunzi wa Dodoma anayekwenda nyumbani Dar mara mbili kwa muhula anatumia 124,000. Huyo hahitaji safari zisizo na kikomo, anahitaji punguzo kwenye safari nne. Tena treni ile kila abiria ana kiti chake chenye namba, na kiti kikijaa, yule abiria wa 41 niliyesema hana gharama anakuwa ghali sana.

Panapostahili kufikiria ni usafiri wa kila siku mjini: mwendokasi na treni za jijini Dar, ambako mwanafunzi anakwenda na kurudi karibu kila siku na bumu linaishia kwenye nauli. Ila nako, asubuhi magari yanajaa hadi mlangoni. Pasi haiongezi basi hata moja. Kudai bei ya pamoja bila kudai magari zaidi ni kununua haki ya kusubiri kituoni.

Kwa hiyo viongozi wetu wakija siku moja na mkataba wa aina hii, tuwaulize manne kabla ya kupiga kura. Wamehesabu wangapi wanakaa mbali na wangapi karibu? Nani atarudishiwa hela yake, na ndani ya siku ngapi? Bei imefungwa kwa muda gani, na ikipanda tunapiga kura tena au tunaarifiwa tu? Na saa 12 na nusu asubuhi, kiti kitakuwepo? Wakijibu yote kwa namba, mimi nitapiga kura ya ndiyo. Na yule anayekaa bwenini aombwe kura yake kwa heshima, kwa sababu bila yeye bei hiyo haipo.