Mwokozi anapokuwa ndiye mtekaji katika riwaya ya mapenzi

WAHENGA walituusia: tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Riwaya nyingi za mapenzi huugeuza usia huu. Shujaa humwokoa mwanamke, lakini haendi zake. Wokovu unakuwa deni, na deni hulipwa kwa penzi.

Hebu tuitazame The Sheik, riwaya ya Mwingereza E. M. Hull iliyochapishwa mwaka wa 1919. Diana Mayo, msichana anayejitegemea, anasafiri katika jangwa la Algeria. Sheikh Ahmed Ben Hassan anamteka na kumnajisi. Ajabu ni kwamba Diana anaishia kumpenda. Kisha mwandishi anamleta mtekaji wa pili, Ibraheim Omair, katili kumshinda wa kwanza. Ahmed anapigana, anajeruhiwa vibaya, na Diana anaokolewa.

Sasa, Omair ana kazi gani katika msuko? Kazi yake kubwa ni kumtakasa Ahmed. Ukimweka kando ya Omair, Ahmed anaonekana muungwana. Jeraha lake linafunika kosa lake, na msomaji anasahau kwamba Diana asingekuwa jangwani pale kama Ahmed hangemteka. Isitoshe, tunaambiwa baadaye kuwa Ahmed si Mwarabu. Babake ni lodi wa Kiingereza. Utakaso umekamilika kwa nasaba!

Mwaka wa 1921 kisa hiki kiligeuzwa filamu, Rudolph Valentino akiigiza Ahmed, na kikazidi kupendwa.

Kiswahili kina kitenzi kinachotufaa hapa: komboa. Twasema mtumwa amekombolewa, na pia kwamba mtu amekomboa saa yake aliyoiweka rehani. Mtumwa aliyekombolewa yu huru. Saa iliyokombolewa hurudi mkononi mwa mwenyewe. Diana anakombolewa kama saa.

Wengine watasema, "Profesa, hizo ni hadithi tu." Sawa. Lakini wapo wasichana wetu wanaolipiwa karo, kisha mfadhili akadai "shukrani" faraghani. Binti aliyezoea hadithi za aina hii anaweza kudhani kwamba hana haki ya kukataa.

Sipendekezi vitabu hivi vichomwe. Visomwe, na mwalimu aulize darasani swali moja: baada ya kuokolewa, je, mhusika huyu anaweza kusema "asante", akageuka na kwenda zake? Kama hawezi, hajaokolewa. Amebadilisha mtekaji tu.