Kuchagua Kamera ya Kwanza ya Dijitali

Mnunuzi wa kamera ya dijitali aghalabu huuliza kwanza idadi ya pikseli, yaani nukta zinazounda picha. Lakini picha ya karatasi ya sentimita 10 kwa 15 hutosheka kwa pikseli milioni 2 tu.

Lililo kubwa zaidi ni eneo la kihisi, kibamba kinachopokea mwanga badala ya filamu. Kihisi cha milimita 36 kwa 24 kina eneo karibu mara 29 ya kile cha milimita 6 kwa 5. Mambo mengine yakiwa sawa, hukusanya mwanga mwingi zaidi, na picha za jioni hazijai chembechembe.

Hata hivyo, kamera kubwa ni ghali na nzito; iliyoachwa nyumbani haipigi picha. Basi kabla ya kutoa fedha, mnunuzi na ajiulize: nitapiga picha wapi, na katika mwanga gani?