Hukumu ya Barazani

Jioni moja, katika mtaa wa Malindi, Unguja, tulikuwa watu saba au wanane tumeketi ukumbini kwa jamaa yangu tukitazama Mother India, filamu ya Mehboob Khan ya mwaka 1957, ambayo wazee wa nyumba ile waliiona zamani katika ujana wao na vijana walikuwa wakiiona kwa mara ya kwanza. Ilipofika pale ambapo Radha, mama aliyewalea wanawe kwa jembe na kwa njaa, anainua bunduki na kumpiga risasi Birju, mwanawe kipenzi, kwa kuwa amemteka binti wa mkopeshaji siku ya harusi yake, ukumbi mzima ulinyamaza hata mlio wa pangaboi ukasikika. Picha ikaisha, taa zikawashwa, chai ikaletwa, na hapo ndipo maneno yalipoanza.

"Mama gani yule?" alisema kijana mmoja kwa ghadhabu. "Mtoto ni mtoto, hata akiwa jambazi."

"Na yule binti wa watu si mtoto?" shangazi yake akamjibu. "Yeye hana mama wa kumlilia? Lau angekuwa dada yako ungesemaje?"

Kijana akashikilia lake, shangazi akashikilia lake, kila mmoja akapata wafuasi, hata bibi wa nyumba, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu mwanzo, akasema kwa sauti ndogo: "Wanangu, nyinyi mmeitazama bunduki. Mimi nilimtazama miguu. Alipokwisha kupiga, alimkimbilia kumpokea."

Bibi yule hajui Kihindi, wala hakupata kusomeshwa chochote katika elimu ya filamu. Lakini katika maneno yale machache alionyesha jambo ambalo mhakiki angelihitaji kurasa mbili kulieleza, yaani kwamba mtengenezaji hakutaka tuchague baina ya mama na mlinzi wa heshima ya kijiji, bali alitaka tuwaone wote wawili katika mwili mmoja, kwa mshindo mmoja. Tangu siku ile nimekuwa nikiyasikiliza kwa makini zaidi maoni ya watazamaji wa kawaida, ambayo aghalabu wataalamu huyapuuza kwa dhana kwamba mtu asiyejua habari za kamera na uhariri hana rai inayostahili kusikilizwa.

Mtazamaji wa kawaida huwahukumu watu wa filamu kama anavyowahukumu majirani: nani kakosa, nani kadhulumiwa, nani angestahiki kusamehewa. Katika pwani yetu desturi hiyo ina mizizi mirefu. Mjini Unguja, katika nyumba za sinema kama Royal, iliyoitwa Majestic baadaye, Empire ya Darajani, na Sultana, ambayo baadaye ilikuwa Cine Afrique, watu walizitazama picha za Kihindi kwa miaka mingi ilhali wengi wao hawakuifahamu lugha yake. Na palikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, ambayo masimulizi yake yaliendelea majumbani na barazani kwa siku kadhaa. Asiyefahamu maneno hulazimika kuusoma wajihi, mkono, mwendo na machozi, na huko ndiko alikojifunza bibi yetu kutazama miguu.

Ichukuliwe mathalani Awaara ya mwaka 1951, ambamo hakimu anaamini kwamba mwana wa mwizi hana budi kuwa mwizi, na mwanawe wa damu, aliyelelewa katika umaskini bila ya kumjua, anakuja kusimama mbele ya sheria. Raj Kapoor aliigiza mwana, na baba aliigizwa na Prithviraj, baba yake mzazi hasa. Je, tabia ya mtu hutoka katika nasaba au katika malezi? Katika jamii ambamo posa haijibiwi kabla ya kuulizwa "wa nani yule?", swali hilo halikuwa la Bombay peke yake, na aliyetoka sinema akisema "yule baba mbaya" alikuwa amekwisha kutoa hukumu juu ya kaida ya mtaani kwake.

Katika vibanda vya video, ambavyo Dar es Salaam watu huviita vibanda umiza, rai ya mtazamaji imeingia ndani ya filamu yenyewe. Mtafsiri, kama Lufufu aliyevuma Tanzania au DJ Afro wa Kenya, haigeuzi lugha tu. Humwonya staringi kwamba adui yuko nyuma ya mlango, humsuta mwanamume mwoga, humpa muuaji jina la kienyeji. Wako wanaosema kwamba huko ni kuiharibu kazi ya wenyewe, nami nakiri kwamba mengi hupotea. Lakini wanaokaa pale kwenye mabenchi hupata mwenzi anayetazama pamoja nao, na kubishana naye wanaweza.

Lakini si kila neno la mtazamaji lina uzito. Neno "nzuri" likisimama peke yake halina habari, na "mbaya" kadhalika. Na wengi huyakariri yale waliyoyasikia kwa wengine kabla hawajaiona picha. Aliyeisoma riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, iliyotoka mwaka 1999, huiendea filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 akiwa na picha yake mwenyewe kichwani, na huenda akaihukumu kwa lile lisilokuwamo badala ya lile lililomo. Kwa sababu hiyo, mtu akiniambia kwamba filamu imemchosha, humwuliza: imekuchosha pahali gani? Akishataja pahali, kwamba ni pale walipozungumza mno, au pale alipoacha kumwonea huruma fulani, hapo maoni yake yamekuwa elimu, na anayetengeneza filamu angefaidika kuyapata hayo kuliko makofi.

Miezi michache baadaye picha ile ilionyeshwa tena katika nyumba ile ile. Kijana aliyekasirika alikuja mapema na kuketi mbele, karibu na bibi. Birju alipoanguka mikononi mwa mama yake na kukifumbua kiganja chenye damu, zikaonekana ndani yake zile bangili za mama alizokuwa akizitafuta tangu utotoni, kijana akasogea karibu na kioo, akasema polepole: "Bibi, hizi sikuziona siku ile." Bibi akamfanyia ishara anyamaze, kwa maana maji yalikuwa yakianza kutiririka mashambani.