Programu za picha: bure, lakini si zote kwa biashara

KIJANA anayefungua studio ya picha za pasipoti Chala, wilayani Nkasi, akishanunua kamera, printa na kompyuta ya mtumba, mara nyingi fedha ya programu haibaki. Wengine huwekewa Photoshop ya wizi, na virusi ndani yake.

Programu za bure zipo, ila masharti yasomwe. IrfanView ni nyepesi, inakata na kuchapa picha haraka, lakini ni bure kwa matumizi yasiyo ya biashara tu. Anayetoza wateja anatakiwa kuilipia. Picasa, iliyopendwa sana, Google iliachana nayo mwaka 2016.

Kwa anayeanza, Paint.NET ndiyo nafuu. Vitufe vyake havitishi na inaruhusiwa kwa biashara, mradi ipakuliwe kupitia tovuti yake. Ile ya duka la Microsoft inauzwa. Toleo jipya linataka Windows 10 au zaidi.

GIMP, iliyotoka 1996, inafanya mengi kuliko hizo, na leseni yake inaruhusu hata kuinakili kwa flashi kutoka kwa rafiki wa Sumbawanga, bando likabaki. Kasoro ni wingi wa zana. Ajifunze kwanza kukata na kurekebisha mwanga, na picha halisi aihifadhi pembeni: mteja hurudi kutaka nyingine.