Tovuti isiyofunguka ni ofisi iliyofungwa

MKAZI wa Kamere, kusini mwa Ziwa Naivasha, anayehitaji cheti cha kuzaliwa au anayetaka kulipia kiingilio cha mbuga jirani ya Hell's Gate, huelekezwa kwenye mfumo wa eCitizen, ulioanzishwa mwaka wa 2014. Zamani alipanga foleni. Siku hizi mlango wa ofisi ni tovuti. Je, tovuti za umma humfungukia kila abishaye hodi?

Kikwazo cha kwanza ni kivinjari, yaani programu inayofungua kurasa za mtandao, kama vile Chrome, Safari au Opera Mini. Vivinjari havifanyi kazi kwa namna moja. Opera Mini inapotumiwa kuokoa data kwa kiwango cha juu kabisa, ukurasa hupitia kwanza kwenye mitambo ya kampuni yake, hubanwa, ndipo hutumwa kwenye simu. Fomu inayotegemea mno JavaScript yaweza kukwama hapo: kitufe kinabonyezwa, jibu halipatikani.

Kutegemea kivinjari kimoja pia ni hatari. Microsoft ilipositisha Internet Explorer 11 mnamo Juni 2022, tovuti zilizoundwa kwa ajili yake pekee zilibaki zikihitaji mpangilio maalumu ndani ya Edge.

Kikwazo cha pili humkabili mlemavu. Kipofu hutumia programu inayomsomea skrini kwa sauti. Picha isiyo na maelezo ya maandishi haimwambii kitu. Kisanduku kisicho na jina hakimwelezi ajaze nini. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG hutaka pia rangi ya maandishi ya kawaida itofautiane na mandharinyuma kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Hilo humfaa hata mwenye macho mazima anayesoma simu juani.

Hii si hisani. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 humpa mlemavu haki ya kufikia habari, na mwaka wa 2022 Kenya ilipata kiwango chake cha teknolojia inayofikika na wote, KS 2952.

Tiba yenyewe si ghali. Fomu na iundwe kwanza kwa njia sahili, madoido yafuate. Kisha ijaribiwe kwa simu ya bei nafuu, kwa vivinjari kadhaa, na kwa programu ya kusoma skrini.

Pasipo hayo, raia hulazimika kumkabidhi mhudumu wa saiba kitambulisho na nywila yake, na siri zake kuwa mikononi mwa mwingine.