Dhana Nne Potofu Zinazoharibu Magari Yetu

Katika Kata ya Dutumi, gari la mmoja huwa tegemeo la wengi. Ndilo hubeba mazao hadi Mlandizi, na ndilo huitwa usiku mama mjamzito anaposhikwa na uchungu. Kwa sababu hiyo, wamiliki na madereva wanakumbushwa kuepuka dhana nne zifuatazo.

1. "Oili ikipungua, kuongeza kunatosha."
Kuongeza oili hakuondoi uchafu uliokwisha kuchanganyika nayo. Oili hubadilishwa pamoja na chujio lake kwa kilomita zilizoelekezwa katika kitabu cha gari. Kwa gari linalopita kwenye vumbi au kubeba mizigo mizito, muda huo hupunguzwa. Hiyo ndiyo hali ya barabara nyingi za vijijini.

2. "Maji ya kisima yanafaa kwenye rejeta."
Maji hayo huweza kuwa na chumvi na madini yanayoleta kutu na ukoko, hata njia za maji zikaziba na injini ikachemka. Tumia maji maalumu ya rejeta yanayouzwa katika maduka ya vipuri. Aidha, usifungue kamwe mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto, kwani maji huruka na kuunguza.

3. "Tairi lenye kashata ni zima."
Mpira huchakaa kwa umri hata tairi lisipotembea. Ubavuni mwake huandikwa tarakimu nne: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mnunuzi wa tairi la mtumba azisome kabla ya kulipa, na akague kama mpira umepasuka.

4. "Upepo ujazwe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye tairi."
Kipimo hicho ni kikomo cha tairi lenyewe. Kipimo cha gari lako kwa kawaida kimo kwenye kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Hata kikiwa cha Kijapani, namba zake husomeka. Upepo upimwe asubuhi, kabla ya safari, matairi yakiwa ya baridi.

Kila mwenye gari anashauriwa kutenga asubuhi moja kila wiki kukagua oili, maji, matairi, breki na taa. Ukaguzi huo huchukua dakika chache, na huwaepusha abiria kukwama porini usiku wakiwa na mgonjwa.